Stud ya juu na chini: karata ya nne ikija K, nilipe au nitupe?

mchanga_karata

Wakuu, habari za jioni. Naulizia poka aina ya stud ya karata saba (unaanza na mbili za siri na moja wazi) ya kugawana kitita, upande wa juu na upande wa chini, ile ambayo chini haihesabiwi mpaka uwe na karata tano tofauti za kuanzia 8 kushuka. Ndiyo ile herufi E kwenye HORSE, ule mzunguko wa poka tano tofauti. Sheria nazijua, kinachonitatiza ni karata ya tatu na ya nne. Tuchukue limiti ya 20/40, meza ya watu 8, kiingilio chipu 3 kila mtu, dau la lazima 5 kwa mwenye karata ndogo kuliko zote zilizo wazi.

Hali ya kwanza: 3 na 4 za siri, 5 wazi, aina (kopa, pau na kadhalika) mchanganyiko. Nafungua kwa 20, ananifuata mmoja tu mwenye 7 wazi. Karata ya nne mimi napewa K, yeye anapewa 6. Anaweka 20. Nilipe?

Hali ya pili: K siri, K wazi, na 9 pembeni. Mwenye 4 kafungua, mwenye 6 kafuata, na nyuma yangu kuna A ambayo haijaongea.

Hali ya tatu: 2-7-8, hakuna zinazofanana aina. Zote ni za chini, mbona wazoefu wanazitupa bila hata kufikiri?

fundi_wa_saba

Mkuu, hali ya kwanza: tupa. Najua inauma maana 3-4-5 ni mwanzo mzuri, ila ulikuwa mzuri kabla ya K. Kwenye michezo mingi ya barazani 3 na 4 ndizo garasa. Hapa K ndiyo garasa, na imeangukia kwako mbele ya macho ya kila mtu.

Tazama namba. Ukianza na tatu za chini zisizo na jozi, uwezekano wa kufikisha chini hadi karata ya saba ni kama asilimia 48. Karata ya nne ikija nzuri unapanda hadi 71. Ikija garasa unashuka hadi 32. Ya tano nayo ikiwa garasa, unabaki na 15. Hiyo ni kabla ya kuondoa karata unazoziona kwa wenzako. Yaani karata moja tu ya nne imetenganisha mtu wa 71 na mtu wa 32, na mwenzako anaonyesha 7-6.

Sasa pesa. Viingilio 24, dau la lazima 5 (mwenyewe kashatupa), wewe 20, yeye 20: kitita ni 69. Ukiamua kwenda naye mpaka mwisho utalipa 20 sasa, halafu 40 mara tatu, kwa sababu kuanzia karata ya tano dau linakuwa maradufu. Jumla 140. Yeye naye anaweka 140. Kitita kinafika 349, na nusu yake ni 174.5. Kwa hiyo ukipata nusu, faida yako ni 34.5. Ukikosa, umeliwa 140. Ili usile hasara kwa kukimbizana na nusu peke yake, ungehitaji kuipata mara 80 katika 100. Wewe una 32, tena kabla hatujauliza kama chini yako itaishinda ya kwake.

Wengi hukosea hapa kwa sababu wanatazama ile 20 tu, wanaona ni ndogo mbele ya 89 (zile 69 na 20 aliyoweka yeye). Ile 20 ni nauli ya kituo cha kwanza.

Hali ya tatu ni fupi. 2-7-8 ikifika, mara nyingi inafika ikiwa 8-7 (yaani kubwa zake mbili ni 8 na 7), na chini ya 8-7 inapigwa na karibu kila chini nyingine. Haina mfuatano wa maana, haina aina moja, haina A. Ni vigumu kukomba kitita (kuchukua juu na chini pamoja) kwa karata hizo, utakuwa unagombania nusu ambayo huenda si yako. Tupa.

pau_mbili

Nakubaliana na fundi, ila asitupe kwa mazoea. Kuna mahali garasa halikufukuzi.

La kwanza, mpinzani naye akipewa garasa, tuseme Q. Hapo hakuna aliyemwacha mwenzake, dau bado ni la 20, na wewe una 3-4-5 zinazoweza kuzaa mfuatano pamoja na chini. Endelea, tena ukianza wewe kuongea unaweza kuweka.

La pili, kama hizo 3-4-5 zilikuwa zote kopa na K nayo ikaja kopa. Hiyo si garasa tena. Una nne za kopa, na flashi (tano za aina moja) inafika kama mara 47 katika 100 zikibaki karata tatu. Na flashi haiui chini yako: karata tano za chini za aina moja zinahesabika pande zote mbili.

La tatu ni kitita kilichopandishwa sana karata ya tatu. Hapo naona fundi kabana mno.

fundi_wa_saba

@pau_mbili mawili ya kwanza sawa kabisa. La tatu hapana, labda mkiwa wengi. Chukua mmepandishiana mpaka kila mmoja kaweka 60 karata ya tatu, mko wawili. Kitita ni 149. Ongeza 140 zako na 140 zake: 429. Nusu ni 214.5, bado unahitaji kuipata mara 65 katika 100. K yako haijabadilika.

siri_mbili_wazi_moja

Hamjagusa karata zilizo wazi mezani, na mwenye swali hakuzitaja. Hizo asilimia 48 ni za mtu aliyefumba macho. Chukua 3-4-5 ile ile. Unazohitaji ni A, 2, 6, 7 na 8, jumla 20. Wenzako saba wakionyesha karata kubwa tupu (9 kwenda juu bila A), zako 20 zote ziko hai na unafikisha chini kama mara 59 katika 100. Wakionyesha A mbili, 6 moja, 7 moja na kubwa tatu, unashuka hadi 44. Karata zako mkononi hazijabadilika hata moja.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chipu, zungusha macho kuanzia kushoto kwako na uzisome kimoyomoyo: "A, 6, J, A, 7, Q, 10." Wakianza kutupa, karata zao zinafunikwa na hutaziona tena. Anayesubiri zamu yake ndipo aanze kutazama keshapoteza nusu ya habari.

Sasa hali ya pili, K-K-9. Kwenye stud ya kawaida ungepandisha ukitabasamu. Hapa tupa, na sababu ziko mbili kwa mpigo. A iliyo nyuma yako ikiwa ni jozi, umeshapitwa juu; ikiwa ni A na mbili za chini, atapandisha ukiwa katikati. Na hao wenye 4 na 6 wanaelekea chini wote wawili. Jozi ya K inaishi kwa kukomba pale mwenye chini anaposhindwa kufika. Akiwa mmoja, zaidi ya nusu ya mara hafiki. Wakiwa wawili, nafasi ya wote kushindwa inashuka hadi karibu robo, na wakati huohuo mmojawapo anaweza kuokota jozi mbili au mfuatano njiani akakunyang'anya hata ile nusu ya juu.

K-K inachezeka pale ambapo mmoja mwenye karata ndogo kafungua, nyuma yako hakuna A, na K nyingine hazijaonekana. Hapo pandisha mara moja ili mbaki wawili. Kulipa tu ni kosa, maana unawakaribisha wenye chini waingie kwa bei nafuu. Jozi za 9, 10 na J sizichezi kabisa mbele ya aliyefungua. 9 ni mbaya kuliko inavyoonekana: haina chini, na juu inapitwa na kila mtu.

(Karata ya saba ukiwa na ful-hausi, yaani tatu zinazofanana pamoja na jozi, wapinzani wawili wa chini ni neema: unaweka theluthi, unachukua nusu. Watu huchanganya hali hiyo na ya karata ya tatu, wakati K-K bado ni jozi tu.)

mchanga_karata

Asanteni wakuu, nimeelewa. Maswali mawili ya nyongeza. Tukiwa watatu karata ya nne na mimi nina garasa, bado natupa? Na kufungua kwa kuiba, yaani kuweka dau ili wote watupe, nikiwa na A wazi na uchafu mkononi, kunalipa?

pau_mbili

Mkiwa watatu hesabu inalegea kidogo. Viingilio 24, dau la lazima 5, mara tatu 20: kitita 89. Mmoja kaweka 20, wa pili kalipa, sasa unalipa 20 kukuta 129. Kwa 3-4-5 yenye karata nyingi hai naweza kulipa hiyo moja, kwa masharti mawili. Wote wawili wasiwe wanaonyesha nzuri mfululizo kama 7-6 na 4-2. Na wewe uwe wa mwisho kuongea. Ukiwa katikati, hiyo 20 inaweza kugeuka 40 au 60 kabla haijakurudia, na huko ndiko chipu zinakopotelea. Karata ya tano ikija garasa la pili, toka. Sasa dau ni 40 na wewe ni mtu wa 15 katika 100.

Jozi ya ndogo zako nayo ni garasa kwa upande wa chini, asilimia ni ile ile 32. Ukiwa na 3-4-5 ukapewa 5 nyingine, una jozi wazi, lakini usiifurahie kupita kiasi. Na kwenye mchezo huu jozi wazi karata ya nne haimpi mtu ruhusa ya kuweka dau kubwa kama kwenye stud ya juu peke yake. Dau ni 20.

siri_mbili_wazi_moja

Kuiba: kitita kabla hujafungua ni 24 na 5, yaani 29. Unaweka 20, kwa hiyo watu wakitupa kama mara 41 katika 100 umerudisha pesa yako papo hapo. A wazi ndiyo karata bora ya kuibia kwa sababu inatisha pande zote mbili, na haitozwi dau la lazima kamwe maana kwa hesabu hiyo ni kubwa. Iba pale waliobaki nyuma yako wanapoonyesha J, Q, 10 na kadhalika. Wakiwa na 5 au 6, acha.

Ila angalia huyu mmoja ambaye watu wanamsahau: aliyelazimishwa dau la 5. Kwenye stud ya kawaida huyo ni mnyonge, ana karata ndogo kuliko wote, unamwibia kila siku. Hapa karata ndogo ndiyo mtaji. Mwenye 2 ya pau kalazimishwa kwa sababu ya udogo wake, lakini za siri zake zinaweza kuwa A-4, na keshaweka 5, anahitaji 15 tu kukufuata. Ukimwibia akalipa, kisha karata ya nne yeye akapewa 6 na wewe J, usiweke tena ya pili kwa kiburi. Piga pasi, na akiweka, mwachie.

fundi_wa_saba

Niongeze moja kwenye hilo la A. Ukifungua kihalali kwa A-2-4 cheza vilevile kama unavyoiba: 20, mwendo ule ule, bila kusitasita. Na ukipata A-A na ndogo pembeni, usizifiche kwa kulipa tu. Pandisha, maana ni jozi kubwa kuliko zote ambayo pia ina mguu mmoja upande wa chini. Tatu zinazofanana tangu mwanzo hutokea mara moja katika 425, kwa hiyo huna haja ya kuziogopa kila mtu anapokupandishia.