Chuo kimenipa sapu kwa sababu "sikuchora", na kinajua kwamba sioni

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo.

Matokeo yametoka juzi. Nina sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, ya Sintaksia ya Kiswahili, somo la muundo wa sentensi. Sioni tangu nikiwa na miaka minne. Nasoma ualimu mwaka wa pili kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Sikitaji jina, bado nina mwaka mzima pale na nataka nimalize. Kiswahili ndilo somo lililonifikisha hapo, kwa hiyo mtu asije kuniambia kwamba sikusoma.

Siku ya mtihani wenzangu waliingia ukumbini saa 2 asubuhi. Mimi nilikwenda chumba cha kitengo cha mahitaji maalumu na mashine yangu ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, maandishi yetu wasioona, inakaribia kilo 5 ile, nimeibeba kutoka hosteli. Nikaambiwa nisubiri. Mtihani wangu wa nukta nundu haukuwepo, mashine ya kuchapia imeharibika tangu Aprili. Mtihani ulikuwa Julai! Miezi yote hiyo hakuna aliyeniita kuniambia tutafanyaje.

Saa 2:40 ndipo akaletwa kijana wa kunisomea maswali. Yuko maktaba kwa mafunzo ya vitendo, kozi yake wala haihusiani na lugha. Simlaumu, alikuwa mpole na alijitahidi. Swali la kwanza hadi la tatu tukaenda vizuri. Swali la nne ni la lazima, alama 20. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dada, hapa kuna mchoro."

Mchoro wa nini?

"Kuna mistari inashuka. Juu kuna S, chini yake KN na KT, halafu inagawanyika tena."

Inagawanyika chini ya KN au chini ya KT?

"Zote. Hapana, subiri... hii nadhani ni ya upande huu."

Tulikaa hapo zaidi ya dakika kumi, mimi najaribu kuujenga mchoro kichwani kwa maneno ya mtu asiyejua kwamba S ni sentensi, KN ni kundi nomino na KT ni kundi tenzi. Mwenzangu aliyeko ukumbini anautazama mara moja tu anaendelea. Na muda wangu haukuongezwa hata dakika moja, wala zile 40 nilizosubiri sikurudishiwa. Kidato cha nne na cha sita nilipewa muda wa nyongeza bila kumwomba mtu. Nimefika chuo kikuu ndipo nauomba kama sadaka.

Sehemu ya pili ya swali inataka uchanganue sentensi kwa mchoro matawi. Mashine yangu ina vitufe sita vya nukta, haichori mistari. Nikatumia mabano, kama alivyonifundisha mwalimu wangu wa kidato cha tano. Kwa asiyejua, inakuwa hivi: [S [KN [N mtoto]] [KT [T anacheza] [KN [N mpira]]]]. Kila tawi limo humo, unajua nini kiko chini ya nini. Mtu yeyote aliyesoma isimu anajua kwamba huo ndio mchoro matawi wenyewe, umeandikwa kwa mstari mmoja.

Nimepewa sifuri. Nilipomfuata mhadhiri ofisini alisema, "Swali limesema chora." Nimekosa alama 3 kufikia 40.

Nikaenda kitengo. Jibu nililopewa ni hili: "Mdogo wangu, vumilia. Wewe ni mpambanaji, unatutia moyo sote." Wakuu, sikwenda pale kumtia mtu moyo. Nilikwenda kudai alama zangu. Kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, tunavalishwa fulana tunapigwa picha na viongozi, na mwaka jana mimi ndiye niliyesoma risala. Hiyo risala niliandika humo suala la mitihani. Walipiga makofi.

Najua atakuja mtu hapa kuandika kwamba chuo hakina hela. Basi asikilize. Mtihani ule mhadhiri aliuchapa kwenye kompyuta kabla haujawa karatasi. Faili lile likiwekwa kwenye kompyuta ya kitengo, isiyo na intaneti, yenye NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, nasoma maswali mwenyewe kwa masikio, narudia nitakavyo, simhitaji kijana wa maktaba. Mchoro ungeandikwa kwa mabano na ningeuelewa hapo hapo. NVDA ni ya bure. Alianza kuitengeneza kijana asiyeona wa Australia mwaka 2006, maana programu za kusoma skrini zilizokuwepo zilikuwa ghali mno kwa watu kama sisi. Nilipendekeza haya kwa barua mwezi Machi. Nikajibiwa kwa mdomo kwamba kuna suala la usalama wa mtihani.

Tuje kwenye notsi. Wahadhiri wanaandika ubaoni, CR, kiongozi wetu wa darasa, anapiga picha, anarusha kwenye grupu la WhatsApp. Simu yangu inanitamkia "picha". Picha, picha, picha, mara kumi na saba siku moja. Vitabu wanavyotuma ni kurasa zilizoskaniwa, navyo simu haivisomi. Rafiki yangu wa chumba ananisomea hadi saa 7 usiku, naye ana mitihani yake. Ukimfuata mhadhiri akutumie yale anayosoma yeye mwenyewe darasani, ambayo anayo tayari kwenye laptopu, anakwambia atatuma. Kuna mmoja alituma, na kozi yake nimepata A.

Na siko peke yangu. Kuna kaka anatumia kiti mwendo, semina zake ziko ghorofa ya pili, lifti hakuna. Wenzake wanambeba. Siku wasipokuwepo anabaki chini na mahudhurio anakatwa. Viziwi nao wana mkalimani mmoja wa lugha ya alama kwa mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Akiwa darasa hili, lile lingine wanatazama midomo.

Nchi hii iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 inataja elimu ya juu waziwazi, na inataka tufanyiwe marekebisho yanayotufaa. Mwaka uliofuata tukatunga na sheria yetu wenyewe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Nilisikiliza zote mbili usiku wa matokeo. Hakuna mahali palipoandikwa "vumilia".

Sapu ni Septemba na hakuna aliyeniambia kama mtihani utakuja kwa namna gani. Nataka kukata rufaa. Fomu yenyewe ni ya karatasi, ya kujaza kwa kalamu ya wino, na muda unaisha Ijumaa.

Kama kuna mtu humu aliyewahi kukata rufaa ya aina hii chuoni akashinda, naomba anieleze alianzia ofisi gani na aliandika nini. Tafadhali andika kwa maneno hapa hapa, usiniwekee picha ya barua.