Igizo dhima kwa madogo wa tiba: tupeane uzoefu

Wadau wa kada za afya habari za wikiendi. Mimi nafundisha chuo cha waganga, naomba tupeane uzoefu wa hizi igizo dhima za mawasiliano na mgonjwa. Kwangu shida ilikua anayeigiza mgonjwa ni mwanafunzi mwenzao, basi anamwaga historia yote hata hajaulizwa, wengine wanacheka tu. Siku hizi mgonjwa nampa kikaratasi cha siri: wewe ni mama wa presha, dawa umeacha tangu kichwa kilipoacha kuuma, usiseme mpaka uulizwe vizuri. Dogo mmoja akauliza "dawa unameza vizuri?" mama "ndio dokta", dogo akaandika anameza vizuri akaendelea 😂 Nikamwambia rudia, anza na "watu wengi huwa wanaruka dozi, wewe wiki hii umeruka mara ngapi?" Siri ikatoka hapo hapo.

#2
Ticha umenikumbusha kozi ya ushauri nasaha. Mi nesi, nikakalishwa upande wa mteja napewa majibu ya VVU, mwenzangu hata sijameza mate kashaanza "usijali siku hizi dawa zipo", yaani ni igizo lakini nilikasirika kweli kweli. Sasa hivi nikishatoa majibu nanyamaza, nasubiri yeye aongee.

#3
Darasa la watu mia mnafanyaje? Kwetu wawili wanaigiza mbele waliobaki wako TikTok.

#1
Watatu watatu mkuu. Daktari, mgonjwa, mtazamaji mwenye fomu, afu wanabadilishana. Mtazamaji aandike maneno yaliyosemwa, sio "amejitahidi".

#4
Huko nje wanatumia wagonjwa wa kuigiza waliofundishwa kabisa, alieanzisha ni Howard Barrows, Los Angeles, mwaka 1963, na mtihani wa oski (OSCE, ule wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo) ukaanzia Dundee, Scotland, 1975. Ila tusidanganyane, mtihani nao unaharibu, vijana wanakariri, kila sentensi "pole sana mama" huku jicho liko kwenye saa.

#5
Angalizo. Kwetu binti alipangiwa kuigiza mama aliyefiwa na mtoto, kumbe mwenyewe katoka kuzika mdogo wake, alilia mpaka kipindi kikavunjika. Waulizeni kabla, tena faragha, nani hawezi mada gani. Na igizo likiisha kila mtu ataje jina lake halisi, avue uhusika, ndio mjadala uanze.

#2
Hilo la kuvua uhusika sisi hatukufanya. Yule mwenzangu nilimnunia mpaka muda wa chai 😅