Bluu ya gomesi inatoka zambarau, nifanyeje?

MamaTona
Wakuu, shikamooni. Nina kaduka ka kuchapa hapa Nasser Road, Kampala, mashine moja tu ya tona, ule wino wa unga. Wiki iliyopita nimechapa kadi 200 za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe. Bibi harusi alileta kipande cha kitambaa cha gomesi yake, lile gauni la sherehe, bluu ile nzito ya sweta za shule. Kwenye skrini tuliiona ile ile. Kadi zikatoka zambarau! Shangazi yake, senga kama tunavyosema huku, alizishika akaniuliza: hii ni kwanjula au ni Kwaresima? Nimezirudia zote kwa hela yangu, bado. Isitoshe za asubuhi hazifanani na za alasiri, na karatasi ni ile ile ya gramu 300. Mbovu ni mashine au ni mimi?

WinoMkavu
Dada, fungua faili utazame namba, skrini iache. Nahisi utakuta siani (tona ya samawati) asilimia 100 na majenta (ile ya waridi iliyokolea) 100, au karibu na hapo. Majenta ikiikaribia siani hivyo, karatasini ni zambarau tu, hata ununue mashine ya bei gani. Shusha majenta hadi 70, kisha 65, kisha 60, vyote kwenye karatasi moja. Weka kitambaa kando, mwite mwenyewe achague. Na kama faili ililetwa kwa RGB, yaani rangi za skrini (nyekundu, kijani, bluu), bluu ya 0, 0, 255, mwambie mteja mapema kwamba ile ni bluu ya taa. Tona zako nne haziifikii.

Fundi_wa_Jinja
Hilo la asubuhi na alasiri ni kalibresheni, yaani kuirekebisha mashine itoe rangi zile zile. Mimi naifanya mashine ikishapata moto, na tena kila umeme ukikatika ukarudi, kwa karatasi ile ile ya kazi. Pia usifungue rimu ya karatasi kabla ya wakati wake. Mwaka jana niliacha moja wazi usiku wa mvua. Asubuhi sehemu zote za rangi nzito zilikuwa na mabaka kama ngozi ya mamba.

Kadi_na_Mihuri
Unazipiga laminesheni, ile plastiki nyembamba ya juu? Ile isiyong'aa hufifisha rangi nzito. Linganisha ukishaipiga, si kabla.

MamaTona
Asanteni. Faili ilikuwa 100 kwa 95, WinoMkavu uliona mbali. Nimechapa vipande vitatu. Chini ya taa yangu ya dukani 70 na 65 vilifanana kabisa. Tulipotoka navyo mlangoni, 70 bado ina uzambarau. Bibi harusi akataka 65, senga akasema 60. Tumechapa 60. Kuhusu kalibresheni, mara ya mwisho ilikuwa lini sisemi, mtanicheka.