Mjadala: Maji ya Kinjikitile yaliwadanganya watu au yaliwaunganisha?

MPEKUZI (mleta mada)

Wakuu, naweka hoja mezani. Tunafundisha Vita vya Maji Maji (1905–1907) kwa sauti mbili zisizoelewana. Kwenye historia mwanafunzi anaambiwa kwamba hivi ndivyo vita vya kwanza vilivyovuka mipaka ya makabila kusini mwa Tanganyika. Ukurasa unaofuata, kwenye sababu za kushindwa, anakariri kwamba watu waliamini dawa ya mganga Kinjikitile, maji yaliyosemwa kuzigeuza risasi kuwa maji, badala ya silaha. Kwenye fasihi anakutana na tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, ambamo mtu mwenye maji hayo ndiye anayeyatilia shaka kuliko wote.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, kwenye makumbusho ya vita hivyo, akaomba msamaha. Kama mtawala wa zamani amefika hapo, sisi bado tunawaandikia watoto kwamba wahenga wao walikufa kwa ujinga? Msimamo wangu: maji yalikuwa siasa, na sababu ya "ushirikina" iondolewe kwenye majibu ya mtihani. Karibuni mnipinge.

KIBAO CHA MOHORO

Nakuunga mkono, ila tuonyeshe hiyo siasa ilivyoendeshwa, la sivyo itakuwa kauli tupu.

Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, magharibi ya vilima vya Umatumbi. Mwaka 1904 alipandwa na pepo Hongo, na masimulizi yanasema alizama kwenye maji na kuibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Watu wakaanza kumiminika kwake. Dawa yenyewe ilikuwa maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama: vitu ambavyo kila nyumba ilikuwa navyo, kwa hiyo mtu aliweza kuipeleka mbali bila kurudi Ngarambe kila mara. Habari zilipita kwa mnong'ono ulioitwa *njwiywila*, na kila aliyeambiwa alimwambia mwenzake kwa siri. Waliopeleka dawa nchi za mbali waliitwa *hongo*, kwa jina la pepo mwenyewe.

Pia kulikuwa na mtandao wa zamani tayari. Watu wa bonde la Rufiji walimjua Bokero, wa Uluguru walimjua Kolelo. Njia za kwenda kuomba mvua na rutuba zilikuwa zimezoeleka, hivyo msafara wa watu kwenda kwa mganga haukumshtua akida, yaani mtendaji wa Wajerumani.

Sasa tazameni miiko: mpiganaji asilale na mwanamke, asipore. Hiyo ni nidhamu ya jeshi lisilo na sajenti wala kambi. Unakuta Wamatumbi, Wakichi na Wangindo, watu wasiokuwa na mfalme mmoja, wanaanza vita kwa ishara moja ndani ya majuma machache. Julai 1905 kule Nandete waling'oa pamba ya shamba la serikali, na hilo ndilo lilikuwa tangazo la vita. Nani mwingine kusini aliweza kufanya hivyo kabla yake?

MTI MKAVU

Nakubali mtandao, nakubali njwiywila. Lakini mnaipita haraka siku ya Mahenge.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu waliikabili boma ya Mahenge, ngome ya Wajerumani, wakiwa wazi, mchana, kwa safu zilizosogea pamoja. Ndani kulikuwa na bunduki za rashasha. Bunduki ya aina ile hutema kama risasi 600 kwa dakika. Gobori la mpiganaji lilitaka baruti, kitambaa, risasi na mti wa kusindilia, na mtu mwepesi alitumia nusu dakika kulishindilia tena. Ukiwa na silaha kama hiyo huendi mbele kwa safu. Unavizia njiani, unapiga, unapotea msituni. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijua hilo tangu Lugalo mwaka 1891, alipouangamiza msafara wa Kijerumani wa Zelewski. Kwa nini Mahenge walikwenda wazi? Kwa sababu waliambiwa risasi zitageuka maji. Hakuna sababu nyingine inayotosheleza.

Kwa hiyo ukifuta imani ya dawa kwenye sababu za kushindwa, unafuta kilichotokea. Kiongozi anayeunganisha watu kwa ahadi isiyotimizika ana dhima ya wafu wake. Tukisema "ilikuwa siasa tu," tunampa kila mwanasiasa ruhusa ya kuahidi kinga asiyokuwa nayo.

KIBAO CHA MOHORO

Tarehe ndugu yangu, tarehe. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mahenge ni siku 26 baadaye. Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa tarehe 14 Agosti, Kinjikitile akiwa ameshakufa. Vita vikaendelea hadi 1907. Waliokwenda Mahenge hawakupewa amri na Ngarambe. Walipewa dawa na hongo waliokuwa na maneno yao wenyewe. Na baada ya kipigo kile wengi walibadili mbinu, wakaingia kwenye kuvizia, kule Ungindo chini ya Abdalla Mapanda. Kama ingekuwa imani tupu, vita vingekwisha siku ile ile.

MWALIMU WA FASIHI

Hapo ndipo tamthilia inapohitaji kusomwa kwa makini, maana Hussein amezipindua hizo tarehe kwa makusudi. Katika historia Kinjikitile anakufa kabla ya mapigano makubwa. Jukwaani anaishi mpaka wapiganaji wanaangushwa na risasi, anakamatwa, anafungwa. Mwandishi mwenyewe amesema kwamba mhusika wake si mtu wa historia, ni kiumbe cha ubunifu. Alimhitaji awe hai ili aulizwe swali ambalo Kinjikitile wa kweli hatujui kama aliwahi kuulizwa: utakubali kusema kwamba maji yalikuwa uongo?

Naye anakataa. Wanafunzi wengi hujibu kwamba anakataa kwa sababu anaamini dawa, na ni jibu baya. Kufikia hapo ameshaona kwamba dawa haikuzuia risasi. Anakataa kwa sababu akisema ni uongo, mtawala atalitumia neno lake kuwaambia watoto wa watoto kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa ujinga. Yaani Mti Mkavu, hoja yako imo ndani ya kitabu, mdomoni mwa mtesaji. Sisemi wewe ni mtesaji. Nasema mwandishi aliiona hatari ya hoja hiyo miaka zaidi ya hamsini iliyopita.

Kuna jambo jingine ambalo darasani hurukwa. Kinjeketile akiwa amepagawa anatamka kwamba watu watakuwa chini ya Seyyid Said wa Unguja. Akizinduka linamtesa: tumwondoe Mjerumani ili tuwe wa Sultani? Kuanzia hapo anawazuia watu wasianze vita, anataka wajiandae kwanza, anataka silaha. Watu hawamsubiri, kwa kuwa imani aliyoiwasha imemshinda nguvu. Ukiigiza tamthilia hii na ukaikata sehemu ya Seyyid Said ili kupunguza muda, kama vikundi vingine vinavyofanya, shaka ya Kinjeketile inakosa mzizi na mhusika anaonekana mwoga tu. Mwigizaji wake lazima aitamke kauli ile kwa sauti isiyo yake, kisha akae kimya cha kutosha hadhira imwone akiipima. Bila hivyo sehemu yote ya pili inapwaya.

MNGONI WA MSHOPE

Asante Mwalimu kwa Seyyid Said, maana sisi wa Ungoni tuna swali linalofanana nalo na watu hawapendi kuligusa. Uhuru wa nani?

Wangoni hawakuwa Wamatumbi. Wamatumbi hawakuwa na watawala wakubwa. Wangoni walikuwa na falme mbili, Njelu na Mshope, na chini yao kulikuwa na watu waliotekwa katika vita vya karne ya 19 na vizazi vyao, walioitwa sutu. Mjerumani alipokuja aliwanyima wakubwa uvamizi na mateka, yaani msingi wa ukubwa wao. Kwa hiyo Nkosi (yaani mfalme) Mputa Gama wa Njelu na Chabruma wa Mshope walipoipokea dawa, sehemu ya walichotaka kukirudisha ni utawala wao juu ya wengine. Walioileta dawa Ungoni, pamoja na hongo Omari Kinjala, walimpitia Mkomanile, mama aliyekuwa na mamlaka yake mwenyewe. Naye alinyongwa.

Tarehe 21 Oktoba 1905 Kapteni Nigmann aliishambulia kambi ya Wangoni na kuitawanya. Tarehe 27 Februari 1906 Mputa na wakubwa wengine wakanyongwa Songea, na mpaka leo kila Februari 27 tunawakumbuka. Songea Mbano naye alinyongwa siku chache baadaye. Familia bado inadai fuvu lake, ambalo inaaminika lilipelekwa Ujerumani. Ninaheshimu kaburi lile kwa moyo wote. Lakini siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba nkosi na mtumwa wake waliingia vitani wakiwa na ndoto moja.

Na upande wa pili vilevile. Kiwanga wa Wabena wa bondeni alipigana pamoja na Wajerumani karibu na Mahenge, akafa. Wahehe, miaka saba tu tangu kifo cha Mkwawa mwaka 1898, hawakuingia upande wa waasi. Askari wengi waliofyatua zile bunduki walikuwa Waafrika. "Umoja wa makabila" una kikomo chake kwenye ramani, na kikomo hicho kifundishwe.

MPEKUZI

Mngoni, hapo umenibana. Ila Nyerere, alipozungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alivitaja vita hivi kuwa mwitikio wa watu kwa wito wa asili wa kumkataa mgeni, na akasema wazi havikutokana na kiapo cha kishirikina. TANU ilijenga juu ya hapo. Hilo nalo ni historia.

MNGONI WA MSHOPE

Ni historia ya mwaka 1956. Alikuwa mbele ya watu waliokuwa na habari za Mau Mau wa Kenya na viapo vyao masikioni, ikawa lazima akitenge kiapo. Alilenga sawasawa kwa haja yake. Sisi hatuna haja hiyo tena, basi tusiogope kuirudisha dawa mahali pake.

SHAMBA LA JUMBE

Mnabishana juu ya maji mkisahau pamba na njaa. Nitaeleza kwa ufupi kadiri niwezavyo.

Kuanzia 1902, chini ya Gavana von Götzen, kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, katika maeneo ya mradi alitakiwa kufungua shamba la pamba la pamoja. Watu wazima walipangiwa siku 28 za kazi kwa mwaka. Kwenye karatasi mapato yaligawanywa mafungu: la wafanyakazi, la jumbe, la halmashauri ya wilaya. Kwenye shamba siku zilizidi, viboko vya akida vikasimamia, na fungu la mfanyakazi likawa dogo mno hata wengine walikataa kulipokea. Juu yake kulikuwa na kodi ya rupia 3 kwa nyumba.

Ubaya wa pamba si malipo peke yake. Inataka palizi wakati uleule mtama na mpunga vinapotaka palizi na kulindwa. Mwanamume akiwa kwa jumbe, nguruwe wa porini wanaingia shambani usiku, na ulinzi wote unamwangukia mke. Serikali hiyohiyo ilikuwa imebana uwindaji wa nyavu na wa bunduki, kwa hiyo nguruwe walizidi. Ndiyo maana kilichong'olewa kwanza Nandete ni mche wa pamba.

Sasa kushindwa. Rashasha iliua wengi, lakini iliyomaliza nchi ni njaa iliyopangwa. Kapteni Wangenheim aliandika kwamba ni njaa na dhiki pekee zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Vikosi vikachoma ghala, vikakata mazao mashambani, vikachukua mifugo, vikazuia watu kupanda msimu uliofuata. Wajerumani wenyewe walikadiria wafu 75,000, mwanahistoria G.C.K. Gwassa alifikia 250,000 hadi 300,000. Tofauti kati ya namba hizo kwa sehemu kubwa ni watu waliokufa bila jeraha la risasi. Sehemu kubwa ya Ungindo ilibaki tupu, pori likarudi na mbung'o wake, na baadaye eneo likaingizwa kwenye hifadhi ya Selous.

Kwa hiyo Mti Mkavu, hata kama wapiganaji wangekuwa na mbinu za Mkwawa tangu siku ya kwanza, ghala zingechomwa tu. Mkwawa mwenyewe walimmaliza kwa kumnyima chakula na msaada wa wenyeji.

Na msisahau kilichopatikana. Von Götzen aliondoka 1906, Rechenberg akaja, mashamba ya pamoja ya pamba yakaachwa. Walilolipigania Wamatumbi mahsusi, walilipata, kwa gharama isiyosemeka.

MTI MKAVU

Hoja ya njaa imeniondoa kwenye neno "sababu kuu." Nakubali kwamba njaa ndiyo iliyoua wengi. Siondoki kwenye Mahenge. Pale imani iliua, na aliyekufa pale ana haki ya kusemewa hivyo.

MWALIMU WA FASIHI

Basi swali la mtihani liulizwe hivi: dawa ilifanya nini kabla ya 30 Agosti 1905, na ilifanya nini siku ile? Mwanafunzi atalazimika kuandika njwiywila na miiko upande mmoja, rashasha upande wa pili, na hataweza kujificha nyuma ya "ushirikina" kama jibu la neno moja. Kisha apewe lile onyesho la gerezani aeleze kwa nini Hussein hakumwacha Kinjeketile afe mapema kama Mohoro ilivyokuwa.

Mngoni, kwenye swali lako la nkosi na sutu sijaona tamthilia ya Kiswahili iliyolibeba sawasawa. *Kinjeketile* haifiki Ungoni. Anayeandika, hapo pana kazi: mtumwa anapewa dawa ileile na bwana wake, wanaapa miiko ileile, na kila mmoja anajua mwenzake anataka nini Mjerumani akishaondoka.