Kuhakiki mchezo wa lugha usiyoijua: mnafanyaje?

BintiMvita (Nairobi)
Wadau, hamjambo. Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi yangu iko Nairobi, na jioni huandika uhakiki wa michezo ya kuigiza. Tumejikuta kundi la waandishi wa Nairobi, Kampala, Dar na Kigali, tunasomeana makala, na kila mtu anajisifu kwamba kundi letu ni la tamaduni nyingi. Haya, sawa. Lakini zipekue makala zenyewe: karibu zote ni za michezo ya Kiingereza.

Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani, pale Kenya National Theatre, maonyesho mengine kwa Kiingereza na mengine kwa Kikuyu. Ndio ule mchezo uliochezwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, hadi serikali ikafuta kibali chake. Nilikwenda siku ya Kiingereza, maana Kikuyu changu kinaishia kwa makanga. Nikaandika kwamba nyimbo ni nyingi mno na mchezo unajikokota. Rafiki yangu wa Kiambu, aliyeuona kwa Kikuyu, akanipigia simu: "Wewe, hizo nyimbo ndizo mchezo wenyewe! Kuna mama alikaa mbele yangu, alikuwa anaanza kuimba kabla ya waigizaji."

Mimi bado naona unajikokota. Ila swali limeniganda: lugha usipoijua, uandike, unyamaze, au ukae na mtu wa kukutafsiria sikioni?

Muzeyi_Ntinda (Kampala)
Andika, nnyabo. Tungengoja mhakiki anayejua lugha zote, Kampala International Theatre Festival isingeandikwa hata mstari tangu ianze 2014. Ila mkalimani achana naye. Utamsikiliza yeye, mwili wa mwigizaji hutauona. Muombe mwongozaji skripti, isome nyumbani, kisha nenda ukatazame.

BintiMvita
Skripti ipi, Muzeyi? Vikundi vingine wanapanga kisa mchana, maneno wanayapata wakiwa jukwaani.

MzeeWaMagomeni (Dar es Salaam)
Binti yangu, lugha ni nusu tu ya kazi. Mimi Kiswahili nimezaliwa nacho, na nimewaona Waswahili wenzangu wakishindwa kuusoma ukumbi wao wenyewe.

Miaka ya tisini, vikundi vya burudani vya TOT na Muungano walipokuwa wanawania mashabiki kwenye kumbi za baa, kiingilio kimoja kilikupa ngoma, sarakasi, mchezo wa kuigiza na taarabu. Ikifika taarabu, mwanamke anainuka kitini, anakwenda mbele kwa madaha, noti ameishika juu kila mtu aione, anamtunza mwimbaji. Sasa mtazame macho. Kwa mwimbaji hayapo. Yapo meza ya tatu, alikokaa mke mwenzake. Ubeti ule kaununua, kaupeleka anakotaka ufike, na ukumbi mzima umeelewa, wengine wanapiga vigelegele, wengine wanainamia soda zao. Yule wa meza ya tatu naye ataamka na noti yake, subiri tu.

Mhakiki aliyefundishwa kwamba mtazamaji hukaa gizani kimya ataandika "watazamaji walivuruga onyesho". Na anajua Kiswahili fasaha! Chuo Kikuu chetu kina idara ya sanaa za maonyesho tangu miaka ya sitini, na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein imechambuliwa mpaka mifupa. Hizo kumbi za baa, vitabu nilivyobahatika kuviona vimeandikwa na wageni. Linaniudhi hilo, lakini pia nawashukuru, maana waliona tulichokizoea.

Kwa hiyo pelekeni watu wawili, mwenyeji na mgeni, onyesho lilelile, makala mbili ukurasa mmoja. Wakipishana, msiwapatanishe.

Kiti_cha_Nyuma (Nairobi)
Na nani atawalipa hao wawili, mzee wangu? Mhariri wangu analipa kwa makala, na ya mchezo wa Kikuyu anasema mtu wa Kisumu hataifungua. Chama cha kimataifa cha wahakiki wa tamthilia, kilichoanzishwa Paris 1956, chenyewe kinaendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Lakini kanuni zake si mbaya: mhakiki akubali kwamba ujuzi wake una mipaka, na ajitahidi kufika ukumbini akili na mwili vikiwa timamu. Hiyo ya pili aliyeiandika hajapanda matatu ya Thika Road saa kumi na mbili jioni.

BintiMvita
Mzee wa Magomeni, shikamoo. Hapo kwa "msiwapatanishe" nimekuelewa, maana kundi letu likipishana huwa tunakimbilia kuandika kitu cha katikati ambacho hakuna aliyekiona. Malipo hakuna, Kiti cha Nyuma, kwa hiyo tutaanza bila mhariri.

Nimeongea na wa Kiambu. Amekubali, mradi tikiti ni juu yangu. Mchezo wa Kikuyu utakaokuja yeye atakuwa mwenyeji, mimi mgeni. Kisha nitampeleka Mombasa, Little Theatre Club, siku ya vichekesho vya Kimvita, nimwone atacheka wapi. Muzeyi, Kampala tukija kwa Luganda, nani atakaa na sisi?

Muzeyi_Ntinda (Kampala)
Mimi. Lakini sitatafsiri.