Kigari cha nyota mbili nilichopata Toi: nani alikitengeneza, na je, nikifungue?

BabaWawili, Lang'ata
Wadau, habari za jioni. Jumamosi nilikuwa soko la Toi kutafuta viatu vya shule, nikapita kwa mama mmoja anayeuza vitu vya watoto vya mtumba. Chini ya rundo la wanasesere nikaona kigari cha mbio za mchangani. Bodi ni nyeupe iliyogeuka rangi ya chai, na ndani kuna dereva wa plastiki mwenye helmeti, kichwa na mabega tu. Alitaka mia tano, tukavutana hadi mia tatu hamsini.

Tairi za nyuma zina miiba ya mpira, za mbele zina mistari. Ukikibonyeza kinanesa. Kuna stika ya nyota mbili, nyekundu na buluu, nusu imechanika, na chini pameandikwa TAMIYA, MADE IN JAPAN. Rimoti hakuna, betri hakuna, mota sijaijaribu kwa kuogopa kuiunguza.

Jirani yangu anaapa ni ya Uchina iliyobandikwa jina. Kijana wangu anataka tukifungue leo leo. Mwenye kujua historia ya hawa watu anisaidie kabla sijashika bisibisi.

Mjanja_Rongai
Mia tatu hamsini?? Huyo mama anakaa upande gani wa soko?

FundiLuthuli
Baba Wawili, mwambie jirani atulie. Hicho ni Grasshopper, yaani panzi, cha mwaka 1984. Mwaka huo dereva Waldegård alishinda Safari Rally kwa Celica, na kila mtoto Nairobi alikuwa anasukuma gari la waya akijifanya yeye.

Mimi natengeneza amplifaya Luthuli miaka ishirini na kitu, lakini kilichoniingiza kwenye umeme ni panzi kama huyo. Baba yangu alikuwa dereva wa familia moja Parklands, nasi tulikaa kile chumba cha uani. Kijana wao aliletewa Grasshopper na mjomba kutoka London. Siku moja akanipa rimoti, na sikumaliza dakika mbili nikakigonga kwenye mwembe. Nilipokimbia kukiokota, kidole kikagusa kipande fulani kilichotokeza nyuma. Nilitoa lengelenge. Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanieleza: hiyo ni rezista. Ukitaka kwenda polepole, umeme wa betri unapitishwa hapo kwanza, na ule usiofika kwenye mota unageuka joto. Shuleni nilikuja kufundishwa hilo baada ya miaka minne, nikiwa tayari nina kovu.

Sasa wenyewe. Tamiya ni watu wa Shizuoka. Mzee Yoshio Tamiya alianza mwaka 1946 na biashara ya kupasua mbao. Mwaka 1948 wakaongeza vifurushi vya meli na ndege za mbao za kuunga nyumbani. Mwaka 1951 moto ukala akiba yao ya mbao, na kufikia 1953 waliachana na biashara ya mbao wakabaki na hivyo vichezeo. Kisha plastiki ya Marekani ikaingia Japani na mbao zikakosa mnunuzi. Wakajaribu plastiki nao, wakatoa meli ya kivita Yamato mwaka 1960. Mshindani akaweka meli hiyo hiyo sokoni kwa bei ya chini, ikabidi washushe yao. Walipata hasara. Kalibu za chuma za kumiminia plastiki ni ghali, ukikosea moja umekwisha.

Aliyewatoa shimoni ni mtoto wa mzee, Shunsaku, aliyefariki Julai 2025 akiwa na miaka 90. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitoa kifaru cha Kijerumani, Panther, chenye mota ndani. Hapa ndipo ninapowapendea. Hawakuanza na kipimo kizuri cha kwenye karatasi. Waliangalia mota na betri zitakaa vipi tumboni mwa kifaru, hesabu ikatoka moja kwa thelathini na tano, yaani kidogo mara thelathini na tano kuliko kifaru cha kweli. Mpaka leo wanaounda vifaru vya plastiki dunia nzima wanatumia 1/35, na wengi hawajui kwamba waliamuliwa na betri. Nyota hizo mbili zilichorwa na mdogo wake Shunsaku, Masao.

Gari la kwanza la rimoti lilikuja mwaka 1976, Porsche 934. Shunsaku alitaka lifanane na lenyewe kabisa, akanunua Porsche 911 nzima nzima, wakaifungua kipande kwa kipande. (Mke wangu husema mimi ndiye mwendawazimu wa vyombo.) Fundi aliyebuni mitambo ya hiyo Porsche ya rimoti ni Fumito Taki, na ndiye unayepaswa kumshukuru. Mwaka 1979 akatoa Rough Rider na Sand Scorcher. Hiyo ya pili ni Volkswagen ya kobe ya kukimbilia mchangani, mikono ya springi za mbele ni ya chuma kama ya gari la kweli, na redio imefungiwa kwenye sanduku lisiloingia maji. Vitu vizito, vya bei.

Halafu Taki huyo huyo akageuka akatengeneza cha maskini, panzi wako. Kigeuze uone. Chasisi ni karai la plastiki, kila kitu kimetupwa ndani. Mota, gia na ekseli ya nyuma vimeshikana kama kitu kimoja, vinapanda na kushuka pamoja. Springi zipo, lakini shoki hazina mafuta, ndiyo maana kinanesa kama matatu ya zamani kwenye matuta. Mota ni ile ndogo, saizi ya 380. Nduguye Hornet, wa mwaka huo huo, ana karai lile lile lakini mota kubwa ya 540 na mafuta kwenye shoki za nyuma.

Fungua tu, hicho kimetengenezwa kifunguliwe na mtoto. Ila tahadhari moja: skrubu zake ni za msalaba wa Kijapani, na bisibisi ya kawaida inazitafuna vichwa. Tafuta ya Kijapani kwa mafundi wa pikipiki. Mota jaribu kwa betri tatu ndogo za rimoti ya tivi, haitaungua.

Njuguna_RC
Fundi umesimulia vizuri, ila usimtukuze Taki kupita kiasi. Panzi hakuwa wa mashindano. Mwaka huo huo wa 1984, Roger Curtis wa Team Associated kule California alitoa RC10: karai la aluminiamu rangi ya dhahabu, shoki za mafuta magurudumu yote manne. Mwaka 1985 huko Del Mar, Jay Halsey akachukua nalo ubingwa wa dunia, upande wa magari yanayosukumwa na magurudumu mawili. Tamiya walibaki wanauza stika.

FundiLuthuli
Njuguna, kweli kabisa, siwezi kubisha. RC10 ni mashine. Lakini niambie umeona RC10 ngapi Toi.

BabaWawili, Lang'ata
Nimerudi. Bisibisi nimepata Kirinyaga Road, fundi wa pikipiki akanikodisha kwa hamsini. Tumefungua na kijana mezani, mama yao yuko kazini. Ndani ya karai kulikuwa na mchanga mweupe wa bahari, si udongo wetu mwekundu. Sijui kimetoka pwani gani. Grisi ya gia imekauka kama ugali wa jana, tumeikwangua kwa njiti za kiberiti. Gia moja ndogo ina jino limevunjika.

Mota tumeigusisha betri tatu. Imekohoa, imenyamaza, kisha ikazunguka. Kijana amepiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Gia inapatikana? Na ile rezista ipo, ila waya zake zimekatwa.

FundiLuthuli
Gia zipo, Tamiya walikitoa upya mwaka 2005 na vipuri vinaingiliana. Agiza pamoja na bushi, vile vipete ambamo ekseli huzungukia. Ukipata beringi ndogo za saizi hiyo, weka beringi. Rezista usiihangaikie, siku hizi kuna kidhibiti cha kielektroniki kisichochoma watoto vidole. Ila usiitupe, niletee mimi. Niko ghorofa ya pili, kuanzia saa nne. Jumatano njoo na kijana, Alhamisi sipo.