Bosi anataka mashine ya belti ya kuchuja majitaka, sisi hata chujio la nondo limetushinda. Mnashaurije?

Kibarua_wa_Mabwawa:
Wakuu habari za jioni. Nipo mamlaka moja ya maji mjini, sitaji wapi msije mkaniletea balaa kazini, kitengo cha majitaka. Mfumo wetu ni mabwawa tu, la kwanza lina kina kama mita 4, halafu ya kati mawili na la mwisho la kukomaza. Kwenye mtandao zinaingia kyubiki 2,000 hivi kwa siku, na maboza ya kunyonya vyoo nayo yanamwaga hapo hapo.

Shida iko mlangoni. Chujio letu ni nondo za milimita 12 alizochomelea fundi wa mtaani, nafasi kati ya nondo na nondo kama sentimita 5. Pedi, pampasi, vipande vya kanga, viroba (rambo zilipigwa marufuku 2019 lakini huku chini bado tunakutana nazo), yaani mzee wetu wa reki akienda kunywa chai tu maji yanapanda yanaruka chujio na kila kitu kinaelekea bwawani. Baada ya chujio hakuna kingine, ni bomba moja kwa moja. Pale bomba linapomwagia kimetokea kisiwa cha mchanga, nyasi zimeota, juzi nimekuta yangeyange kasimama juu yake katulia kama kwao.

Sasa bosi karudi semina na katalogi ya mashine yenye wavu mwembamba unaozunguka kama mkanda, inachuja mpaka chembe ndogo, eti inafanya kazi ya tangi zima la kutulizia maji ili uchafu uzame. Katalogi kweli inavutia. Mimi roho inasita ila sina hoja ya kumpelekea. Nisaidieni.

MtuWaHela:
Nunueni bwana, hela ya mfadhili ukiikataa inaenda mkoa mwingine 😂

Bint_Pangani:
Mkuu nipo Norwe mwaka wa sita huu, kazini kwetu tunazo hizo belti, kwa hiyo nakwambia kitu ninachokiosha kwa mikono yangu. Ni mashine nzuri sana. Wavu wetu una matundu ya mikroni 350, yaani kama theluthi ya milimita, umelala mshazari, maji yanaingia upande mmoja, uchafu unajipanga juu ya wavu unakuwa kama zulia na hilo zulia ndilo linalochuja zaidi kuliko wavu wenyewe, ndiyo maana belti inatembea polepole makusudi, ikikimbia zulia linakatika na maji yanatoka machafu. Kule juu hewa inapuliza tope linadondoka kwenye skrubu inalikamua.

Lakini jiulize kwa nini huku wanazipenda. Miji mingi ya pwani inamwaga kwenye bahari yenye kina na maji baridi, kuna sehemu wameruhusiwa kuishia hatua ya kwanza tu, yaani kutoa chembe zinazozama au kuchujika, na sheria ya Ulaya ya 1991 inaihesabu hatua hiyo kuwa ni kupunguza chembe ngumu angalau asilimia 50 na BOD (kipimo cha uchafu unaooza ndani ya maji) asilimia 20. Belti ikiendeshwa vizuri inafika hapo. Halafu ardhi hakuna, mitambo mingine wameichimbia ndani ya mwamba wa mlima, sasa mashine inayokaa chumba kimoja badala ya tangi kubwa lazima waipende.

Wewe ardhi unayo tena umeshachimba. Hilo bwawa lako la kwanza NDIYO hatua ya kwanza yenyewe, kwa joto la huko linakula nusu ya BOD na zaidi bila umeme hata uniti moja. Ukiweka belti mbele yake umenunua mashine ya kufanya kazi ambayo bwawa linaifanya bure, na juu yake kila siku unapata tope bichi linalonuka ambalo lazima ulipeleke mahali. Bosi kasema litaenda wapi?

Na lingine ambalo muuzaji hakuwaambia, belti yenyewe inataka maji yaliyokwisha pita chujio na yaliyotolewa mchanga. Mchanga unakula wavu. Mafuta nayo yanaziba, sisi tunaosha kwa maji ya moto. Kwa hiyo hata mkinunua, hiyo shida ya mlangoni bado mtaitatua kwanza.

fundi_chemba:
Dada kamaliza upande wa belti, mimi nashuka kwenye nondo maana ndo nimezeekea huko.

Kwanza tupa hizo nondo. Nondo ni duara na ina vile vijimbavu, kitambaa kikifika kinajiviringisha, reki ikija inateleza juu yake. Weka flatiba (vyuma bapa), upande mwembamba uangalie maji yanakotoka, nafasi milimita 25. Ilaze mshazari nyuzi 45 hivi mzee avute reki kuja juu, siyo anyanyue. Meno ya reki yaingie katikati ya flatiba, kaitengenezeni pamoja na chujio, ya dukani haitakaa. Juu weka bamba la chuma lenye matundu, taka zikae hapo zichuruzike ndipo zibebwe, saivi naamini mnabeba maji kwenye toroli. Na njia ziwe mbili, moja inasafishwa nyingine inapitisha.

Pili mchanga. Mfereji wa mchanga hauna mashine wala nini, ni kubembeleza maji yaende mita 0.3 kwa sekunde, mchanga unalala chini, mavi yanaendelea na safari. Ukienda taratibu kuliko hapo mavi nayo yanalala na mchanga wako unanuka, ukikimbia mchanga unapita. Kwa kyubiki 2,000 chukua saa ya msongamano mara 2.5 unapata kama lita 58 kwa sekunde, gawa kwa hiyo spidi unapata mita za mraba 0.19, yaani upana sm 40 na maji sm 48. Chembe ya milimita 0.2 inazama kama sentimita 2 kwa sekunde, kwa hiyo urefu ni mara 15 ya kina, mita 7 na kidogo, wewe jenga 10. Jenga miwili sambamba, moja unafunga unachota kwa koleo. Mwishoni iwekeeni kizuizi cha kupimia maji kilichokokotolewa, ndicho kinachoishika hiyo spidi maji yakipungua usiku, hapo ndo mtafute injinia msikisie.

Kupima spidi ya sasa usisubiri kifaa. Tupa ganda la chungwa mferejini, pima mita 3, hesabu sekunde. Juu maji yanakimbia zaidi kidogo kuliko chini, zidisha kwa 0.8.

Na huyo mzee asishuke kwenye chemba iliyofunikwa hata kama kijiti tu ndo kimekwama. Ile gesi ya mayai viza ikizidi pua inakufa ganzi, harufu hausikii tena, unadhani kumetulia kumbe ndo umekwisha.

Ras_wa_Ruai:
Kwani mbona msiweke chujio la milimita 6 mmalize maneno? Huku Nairobi watu wanasema hata mtambo wa majitaka wa Kariobangi una filta.

fundi_chemba:
Ras, 6 kwa mkono hapana kaka. Hapo unakamata mpaka mavi, dakika kumi limeziba, hiyo inataka mashine ya kujisafisha. Na filta ya Kariobangi ni ya mawe, haichuji kitu, ni nyumba ya bakteria, maji yanadondokea juu yao wanakula, tena inakaa baada ya matangi ya kutulizia. Jina tu linachanganya watu.

Ras_wa_Ruai:
Ahaa. Sawa, basi nimejifunza. Lakini hayo maboza mmeyasahau, boza likifungua valvu lote kwa mpigo hakuna chujio litasimama.

Bint_Pangani:
Kweli kabisa, maboza yatengewe kisanduku chao pembeni, maji yagonge ukuta kwanza yapoe ndo yafike kwenye chujio lao. Vyoo vya shimo vina mchanga na matambara kuliko mtandao wote.

Kibarua_wa_Mabwawa:
Wakuu mbarikiwe. Leo asubuhi nimetupa ganda, mita 3 limeenda sekunde 4, mara 0.8 inakuja 0.6, kumbe mchanga wote tunausindikiza wenyewe bwawani. La pili limenasa kwenye pedi, mzee wa reki kacheka sana. Bosi nimempelekea swali moja tu la dada, tope litaenda wapi, kaniambia niandike makadirio ya flatiba na mifereji "kwa kuanzia". Kisiwa je, nikitoe saivi au nisubiri?

fundi_chemba:
Mifereji kwanza. Ukikitoa leo mwakani kimerudi na yangeyange wake. Wakati mnajenga pimeni tope la bwawa zima, funga taulo jeupe kwenye mti mrefu, zamisha mpaka chini taratibu, toa uone limechafuka mpaka wapi. Likifika theluthi ya kina mnatoa vyote kwa pamoja.